Somo: Prosesa gani itakubali kwenye mazabodi yako?

Wakuu, prosesa kukaa vizuri kwenye soketi (tundu lake kwenye mazabodi) si dalili kwamba mashine itawaka.

1. Jua ulichonacho. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome jina la mazabodi na toleo la BIOS (programu ya kwenye bodi inayoiwasha mashine).

2. Linganisha soketi na chipseti (chipu kuu ya mazabodi), vyote viwili. Kwa Intel, soketi LGA1155 (chipseti H61, B75) ni ya prosesa za kizazi cha 2 na cha 3, ingawa H61 nyingi hudai BIOS mpya kwanza ndipo zipokee cha 3. LGA1150 (H81, B85) ni ya cha 4. Pesa za watu hupotelea LGA1151: H110 na B250 ni za kizazi cha 6 na 7, H310 na B360 ni za cha 8 na 9. Umbo ni lile lile, ila Intel ilibadilisha kazi za baadhi ya pini. Ukiweka i5-8400 (kizazi cha 8) kwenye B250 itaingia, feni zitazunguka, na skrini itabaki nyeusi. Muuzaji akikwambia "zote ni 1151", rudisha pesa mfukoni.

Kwa AMD, chipseti B450 ya soketi AM4 hubeba hata Ryzen 5 5600 ikiwa BIOS imesasishwa, lakini B550 haiitaki Ryzen 5 2600.

3. Sasisha BIOS prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Umeme ukikatika katikati, bodi inaweza kufa, kwa hiyo chomeka kwenye UPS (betri ya akiba).

4. Angalia wati. OptiPlex 3050 Micro inataka prosesa ya herufi T, wati 35, mfano i5-7500T.

5. Wakati wa kufunga, linganisha alama ya pembetatu na usisukume. Pini za LGA ziko kwenye bodi, na zikipinda ni kazi ya sindano na lenzi.

MASWALI

Swali: Nina OptiPlex 7010 yenye i3-3220. i7-4790 itakaa?
Jibu: Hapana mkuu, i7-4790 ni ya LGA1150, na 7010 yako ni LGA1155. Tafuta i5-3470 au i7-3770. Na uhakikishe ni 7010 ya zamani, maana Dell walilirudia jina hilo 2023.

Swali: Laptop yangu ina i5-7200U, naweza kupandisha i7?
Jibu: Imechomelewa kwenye bodi. Ongeza RAM na uweke SSD.

Swali: Nimefunga i5-12400F kwenye H610, inawaka ila haileti picha.
Jibu: F haina picha ya ndani. Weka kadi ya picha, au ubadilishe uchukue i5-12400 isiyo na F.