Kuishi na Hofu ya Kutazamwa na Watu: Tiba ya Kukubali, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaokuja kwangu kwa sababu ya hofu ya watu huomba jambo lilelile: niwaondolee kwanza mapigo ya moyo, sauti inayotetemeka na jasho la viganjani, ndipo waanze kuishi. Tiba ninayoieleza hapa inaugeuza mpango huo. Mwasisi wake ni mwanasaikolojia wa Marekani, Steven Hayes wa Chuo Kikuu cha Nevada, ambaye yeye na wenzake walichapisha kitabu chao cha msingi mwaka 1999. Mimi huiita tiba ya kukubali na kuazimia, kwa kuwa unaikubali hofu iwepo huku ukiazimia kutenda lile unalolithamini. Kwa wanaoniuliza kama haya si mambo ya Wazungu, huwaeleza kwamba mafunzo ya Shirika la Afya Duniani yaliyojengwa juu ya tiba hii yalijaribiwa nchini Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, kwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliofundishwa walipungukiwa na dhiki. Hiyo ilikuwa dhiki kwa jumla, si hofu ya watu peke yake, lakini mazoezi yake ni ya ukoo mmoja na ninayoyaeleza hapa.

Tenganisha kwanza haya, yaani soni ya kawaida, na hofu. Haya tumelelewa nayo, na binti anayeinamisha macho anapomwamkia mjomba wake hahitaji tiba yoyote. Ninayoizungumzia ni hofu inayodumu kwa kawaida miezi 6 au zaidi na kukunyima kazi, masomo, ndoa au marafiki.

Hatua ya 1: Andika gharama

Kwa wiki moja, beba daftari dogo na uandike kila ulichokikwepa, ulichofanya ili kujituliza, na ulichopoteza. Usiandike kukimbia kwa wazi tu. Andika pia ujanja wa kujikinga: kuchezea simu ili uonekane una shughuli, kuchelewa msibani makusudi ili usipite ukimpa kila mtu mkono, kumtuma mdogo wako dukani, kuipanga sentensi kichwani mara 10 kabla ya kuitamka. Watafiti wa Uingereza David Clark na Adrian Wells walieleza mwaka 1995 kwamba ujanja wa namna hii ndio unaoilisha hofu, kwa kuwa mtu anaposalimika huamini kwamba ujanja ndio uliomwokoa, na hivyo hapati nafasi ya kujua kwamba huenda asingedhurika hata bila huo ujanja.

Kijana mmoja niliyemhudumia, ambaye nimebadilisha baadhi ya maelezo yake, alikuwa hawezi kumwambia konda wa daladala "shusha". Alikuwa akisubiri abiria mwingine ashuke kwenye kituo chake, na asipotokea, alipitilizwa vituo viwili na kurudi kwa miguu. Katika safu ya gharama aliandika: "Dakika 25, shati limelowa, nimefika kazini nimenuna."

Hatua ya 2: Litazame wazo badala ya kupigana nalo

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila atakapowajia akilini. Kengele ziliendelea kulia, na baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Ndivyo inavyokuwa kwa anayejiambia "nisitetemeke, nisitetemeke" akiwa ameshika kipaza sauti kwenye kikao cha harusi.

Lichukue neno linalokuuma, tuseme "mshamba", ulitamke kwa sauti, harakaharaka, kwa nusu dakika. Litaanza kama tusi na kuishia kuwa mlio mtupu wa midomo. Kisha badilisha namna ya kusema: si "watanicheka", bali "akili yangu inaniambia kwamba watanicheka". Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Tunasema "hofu imenishika", na katika usemi huo hofu ni kitu kimoja, nami niliyeshikwa ni mwingine. Anayesema "mimi ni mwoga" ameifuta nafasi hiyo iliyopo kati yake na hofu, na kazi ya hatua hii ni kuirudisha.

Hatua ya 3: Ipe hofu nafasi mwilini

Keti dakika 3, uitafute hofu ilipo, kifuani au kooni, uweke mkono hapo na uichunguze: ina ukubwa gani, ni ya moto au ya baridi, inatembea au imetulia? Pumua kawaida. Ukijikuta unapima kama imeshapungua, tambua kwamba umeligeuza zoezi kuwa ujanja mwingine wa kujikinga. Kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko mengine yote.

Hatua ya 4: Taja unachokithamini

"Nisiogope tena" si jibu, kwa sababu hata maiti haogopi. Sema unataka kuwa mtu wa namna gani kwa wengine: shangazi anayefika kwenye shughuli za ndugu, fundi anayeeleza bei yake bila kumung'unya maneno. Kwa kijana wetu lilikuwa moja tu, kwamba awe mtu wa kutegemewa kazini.

Hatua ya 5: Tenda jambo dogo, ukiwa na hofu yako

Kabla ya hatua hii nina angalizo. Ikiwa unalazimika kunywa pombe ndipo ukutane na watu, au unawaza kujidhuru, usiendelee peke yako. Nenda hospitali yenye kliniki ya afya ya akili.

Chagua tendo moja linalotokana na hatua ya 4 na uondoe ujanja mmoja tu. Wakati wa kulitenda, peleka macho na masikio nje (konda amevaa nini, redio inasema nini), kwa kuwa hofu ya watu humfanya mtu ajitazame yeye mwenyewe muda wote. Kijana alipaza sauti. Ilitoka nyembamba, konda akauliza, "Wapi?", abiria wawili wakageuka, naye akarudia. Alikuja kwangu akisema ameshindwa, kwa kuwa alitetemeka mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza alishukia wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba alishukia kituoni kwake. Tukaliandika hilo kwenye daftari, na wiki iliyofuata akapanda akakaa siti ya nyuma kabisa, ambako sauti haimfikii konda isipopazwa.