"Lodestar": kulielewa neno la Kiingereza ukiwa Unguja au Pemba

Likate kwanza. "Star" ni nyota. "Lode", kwa Kiingereza cha kale, ni njia au mwendo. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza: kamusi huwapa "mshipa wa madini", au wakalisoma "load" wakaandika nyota ya mzigo. (Maneno hayo mawili ni ndugu wa asili moja, ila udugu huo hausaidii kitu kwenye tafsiri.)

Nyota yenyewe ni ile ya kaskazini, mabaharia wetu wakiiita jaa. Nyingine huizunguka, yenyewe imetulia, ndiyo maana neno likahamia kwa mtu au jambo ambalo mwengine anaongozea maisha yake. Shida ni kuwa Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta na Pemba 5, basi jaa imezama chini ya upeo wa macho usiku wote, mwaka mzima. Usimpeleke mtoto Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kwa ahadi ya kumwonesha.

Mwoneshe ilipozama. Mwishoni mwa Aprili, masika yakiachia anga, simama Nungwi saa tatu usiku ukitazama kaskazini. Tafuta nyota saba zenye umbo la upawa uliofudikizwa. Chukua mbili za ukingo wa mbele, ulio mbali na mpini, na uvute mstari kuteremka mpaka majini. Hapo ndipo kaskazini, na ndipo kibla pia, kwani Makka iko karibu kaskazini kamili kwetu.

Mvua ikikunyima, ngoja kipupwe. Katikati ya Juni, saa moja na nusu usiku, Msalaba wa Kusini, nyota nne zenye umbo la msalaba, husimama wima. Chini yake moja kwa moja ni kusini, geuka kinyume upate kaskazini. Upo msalaba wa uongo, mkubwa zaidi na hafifu. Wa kweli una nyota mbili kali kushotoni mwake.

Sasa tafsiri. Usiandike "nyota yangu": kwetu hiyo ni bahati, ya kutazamiwa kwa mganga. "Nyota ya kuongozea" ni sahihi lakini inahitaji sentensi ya kuibeba. Kwa mazungumzo ya kawaida tumia "dira", ambalo watu wameshalizoea hata kwenye Dira ya Maendeleo 2050: "Bibi yake ndiye aliyekuwa dira yake." Kinachopotea ni ule utulivu, maana dira ikiwekwa karibu na mashine ya boti hudanganya. Na kitu kinachohamahama, kama cheo au mshahara, usikiite "lodestar" hata kwa Kiingereza.