Kuonja Pauillac: anza na ukakasi, harufu itafuata

Wageni wengi ninaowamiminia mvinyo huniuliza swali moja kabla hata glasi haijafika mdomoni: "Natakiwa nisikie harufu gani?" Wanazamisha pua, wanatafuta beri, urujuani, ngozi, hawavipati, basi wanajiona hawana pua. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na mitatu, nilianzia hotelini Mombasa na sasa niko katika mgahawa mmoja mjini Bordeaux, Ufaransa, na vijana wanaoanza huwa nawaambia waache kwanza hayo ya matunda. Anza na ukakasi. Mtu aliyekua akila mabibo, akauma ndizi mbichi na kunywa chai ya rangi iliyokaa jikoni mno, hahitaji kufundishwa ukakasi ni nini. Anahitaji tu kuupima.

Mfano wetu ni Pauillac ya mwaka 2010. Pauillac ni mji mdogo wa mvinyo ukingoni mwa mlango wa mto uitwao Gironde, kaskazini mwa Bordeaux, na ardhi yake ni changarawe: maji hayatuami, mawe hushika joto la mchana, na zabibu ya Cabernet Sauvignon, ambayo huchelewa kuiva, hupata nafasi ya kuiva sawasawa. Humo huchanganywa kiasi zabibu nyingine, Merlot, ili kulainisha. 2010 ulikuwa mwaka mkavu wenye usiku wa baridi, kwa hiyo mvinyo wake una kila kitu kwa wingi, na kwa mwanafunzi hilo ni jema kwa sababu kila kipimo kinaonekana. Kama mfuko hauruhusu, tafuta chupa ya kawaida ya Haut-Médoc, eneo pana linaloizunguka Pauillac. Hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Soma lebo, kisha isahau

Ukiona "Grand Cru Classé en 1855", hiyo ni orodha iliyopangwa na madalali wa mvinyo wa Bordeaux kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, enzi za Napoleon III. Walipanga madaraja matano kwa kufuata bei za sokoni, na leo orodha ya mvinyo mwekundu ina majumba 61, yaani mashamba yanayotengeneza mvinyo wao wenyewe. Tangu hapo imeguswa kwa nadra. Badiliko linalokumbukwa zaidi ni la 1973, jumba la Mouton Rothschild lilipopandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Kwa maneno mengine, unasoma heshima ya ukoo, hujasoma kilichomo chupani. Nayo "Grand Vin de Bordeaux", ikiwa peke yake, si daraja lolote.

Kilicho na maana zaidi ni mwaka. Kwetu Dodoma mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huku ni mara moja tu, mkulima akikosa amekosa. Mwaka 2013 majira ya kuchipua yalikuwa baridi na mvua, maua hayakushika vizuri, na hata majumba makubwa yalitoa mvinyo mwembamba.

Hatua ya 2: Joto, glasi na chupa iliyosimama

Simamisha chupa tangu jana yake ili mashapo yashuke chini. Wanaosema mvinyo mwekundu unywewe kwa "joto la chumba" walikuwa wakiishi kwenye nyumba za mawe zenye ubaridi. Chumba cha Mombasa mwezi Februari ni habari nyingine. Tunataka nyuzi 16 hadi 18. Ukiwa mahali pa joto, tia chupa kwenye friji dakika arobaini hivi. Ukiwa wa moto, kileo hupanda puani na kufunika kila kitu. Ukiwa wa baridi mno, ukakasi unakuwa kama msasa.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobana, bila harufu ya sabuni wala ya kabati. Nawe usijipulizie manukato, hasa udi. Samahani.

Hatua ya 3: Fungua, na unuse kwa ajili ya kasoro tu

Kata karatasi ya shingoni chini ya mdomo wa chupa, ingiza kizibuo katikati ya kizibo, vuta polepole. Mimina vidole viwili vya mvinyo na unuse mara moja. Hapa hutafuti uzuri, unakagua ugonjwa.

Ugonjwa mkuu ni wa kizibo. Kemikali iitwayo TCA hujificha kwenye gome la kizibo, na nanogramu chache tu kwa lita zinatosha kuua mvinyo. Harufu yake ni ya kitambaa cha kupigia deki kilicholala kwenye ndoo, au ya katoni zilizolowa stoo. Mwaka wangu wa kwanza nilimimina chupa nzima ya namna hiyo kwa meza ya watu sita, nikitabasamu. Watano walikunywa kimya, wakidhani ndivyo ulivyo mvinyo wa bei mbaya. Wa sita akaiweka glasi chini, akaniita pembeni, akaninong'oneza, "Kijana, hii inanuka uvungu." Tangu siku hiyo simimini kabla sijanusa. Pale hotelini alikuwapo mwenzetu mmoja ambaye hanywi kabisa kwa sababu ya dini yake. Pua yake ndiyo tuliyoiamini kuliko zetu zote, maana ilikuwa haijachoka.

Harufu ya siki au ya rangi ya kucha nayo ni kasoro. Harufu ya zizi la farasi hutokana na hamira iitwayo Brettanomyces. Kidogo tu, wako wanaoipenda. Mimi simo.

Hatua ya 4: Tazama, lakini usikae hapo

Iinamishe glasi juu ya karatasi nyeupe, utazame ukingo wa mvinyo. Ukiwa kijana una zambarau. Ukizeeka unaelekea rangi ya tofali. Machozi yanayotiririka kwenye glasi yanakuambia kuna kileo, hayakuambii ubora. Na macho ni mashahidi wa kutiliwa shaka: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa hapahapa Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu.

Hatua ya 5: Kinywa, ndipo penye kazi

Vitabu husema macho, pua, kinywa. Mimi naenda kinywani mapema, pua nairudia baadaye.

Kabla ya siku yenyewe, fanya zoezi hili jikoni. Chukua vikombe vitatu na majani ya chai sawa kwa kila kimoja. Cha kwanza kiloweke dakika mbili, cha pili tano, cha tatu kumi. Acha vipoe, usitie sukari. Kunywa funda la kila kimoja, kisha upitishe ulimi juu ya fizi za mbele. Utahisi mate yanakauka na ulimi unakwaruza. Huo ndio ukakasi: tanini za majani, sawa na za maganda na kokwa za zabibu, hukamata protini za mate, na kinywa kinakosa utelezi wake. Sasa tia maziwa kwenye kile cha dakika kumi. Umeona kilivyolainika? Protini za maziwa zimewahi tanini kabla ya mate yako. Ndiyo sababu Pauillac huliwa na nyama ya kondoo.

Kwenye mvinyo: chukua funda dogo, lizungushe kila pembe, vuta hewa kidogo kupitia kwenye meno yaliyobana, kisha tema. Usione haya kutema. Huku kila mwonjaji ana ndoo yake. Sasa jiulize maswali mawili juu ya ukakasi. Je, ni mwingi? Je, ni wa namna gani? Wa mvinyo hafifu unakwaruza mahali pamoja, chungu nyuma ya ulimi kama kokwa uliyoitafuna kwa bahati mbaya. Wa Pauillac nzuri ni mwingi vilevile, ila umetandaa kinywa kizima kama unga uliochekechwa. Kutofautisha wingi na umbile ndiko kunakomtenga mwonjaji na mnywaji.

Kisha uchachu. Inamisha kichwa baada ya kutema, uone mate yanavyokuja. Yakija upesi, kama uliyekumbuka ukwaju, uchachu upo, na ndio utakaoubeba mvinyo miaka mingi. Kileo kipime kooni: joto la polepole ni sawa, kuungua si sawa. Hizi chupa mara nyingi hupita asilimia 13, lakini hupaswi kuliona hilo bila kusoma lebo.

Mwisho, hesabu. Wafaransa huita sekunde moja ya ladha inayobaki baada ya kutema *caudalie*. Tazama saa yako. Hesabu muda ambao ladha yenyewe inakaa, usihesabu ukakasi wala joto. Kwa kipimo changu, chini ya tano ni mvinyo wa kawaida. Ikipita kumi naanza kuwa makini. Ikifika kumi na tano naacha kuzungumza na watu.

Hatua ya 6: Rudi puani

Sasa tikisa glasi, nusa. Cabernet Sauvignon changa ina harufu iliyo karibu na ile ya Ribena, maana Ribena hutengenezwa kwa beri nyeusi iitwayo blackcurrant, ileile ambayo waonjaji huitaja. Ukisikia pilipili hoho mbichi, zabibu hazikuiva sawasawa. Pauillac ina alama yake: penseli iliyochongwa sasa hivi. Kutoka kwenye mapipa ya mwaloni, yale ya lita 225 yaliyochomwa ndani, huja vanila na karafuu. Hiyo karafuu si mafumbo ya washairi: mwaloni una eugenoli, kiungo kilekile kinachoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Ukizeeka, matunda hurudi nyuma, zikaja tumbaku, uyoga na majani makavu yaliyonyeshewa.

Usiandike harufu usiyoisikia kwa sababu jirani yako ameitaja.

Hatua ya 7: Upe muda, kisha toa hukumu

Mvinyo wa umri huu umimine kwenye jagi pana, uonje tena baada ya saa moja na baada ya mbili. Uliozidi miaka thelathini usiuweke hewani muda mrefu. Umimine taratibu huku umewasha tochi ya simu chini ya shingo ya chupa, na mashapo yakianza kupanda, acha.

Ndipo uandike. Wafaransa wengi hutoa alama juu ya 20, wengine hufuata zile 100 zilizoenezwa na Mmarekani Robert Parker. Mimi naandika mistari minne: ukakasi, uchachu, sekunde, na kama kuna kimoja kinachowapigia wenzake kelele. Alama naweka mwisho, kwa penseli.

Kwa penseli, kwa sababu bakiza robo ya chupa. Rudisha kizibo, weka kwenye friji, kesho jioni itoe nusu saa kabla ya kuonja. Mvinyo hafifu utakuwa umelegea na kunuka tufaha lililochubuka. Pauillac ya 2010 niliyoifungua Jumanne iliyopita, Jumatano ilikuwa imelainika fizini na sekunde zimeongezeka tatu. Nikafuta 16, nikaandika 17 na nusu.