SOMO: Kwotabeki wa chuo, nani wa kuchaguliwa mapema na nani wa kuachiwa wengine

Wakuu, kila ikikaribia drafti ya Aprili kijiwe chetu huku Minneapolis kinagawanyika. Mmoja anaapa kwamba kijana fulani ni Mahomes mpya (yule kwotabeki nyota Patrick Mahomes), mwenzake anasema huyo ni garasa. Waulize wametazama mechi ngapi nzima za huyo kijana, wote wanaanza kukohoa. Wametazama klipu ya dakika 4, yenye muziki. Mimi nimeshaingia mkenge wa namna hiyo mara nyingi, kwa hiyo naweka hapa utaratibu ninaoutumia siku hizi. Uuchambue, uupinge, lakini ukipinga njoo na mechi uliyoitazama.

Kwa wageni wa mchezo: drafti hii si ile ya vizibo vya soda kibarazani. Ni siku 3 za Aprili ambapo timu 32 za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, zinachagua vijana wa vyuo kwa raundi 7, na iliyovurunda zaidi msimu uliopita ndiyo inayoanza, isipokuwa iwe imeuza zamu yake. Kijana haruhusiwi kuingia mpaka ipite miaka 3 tangu amalize sekondari. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulio linapoanza, halafu ana kama sekunde 3 za kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao.

Hatua ya 1: Ulizia bei kabla ya kipaji

Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo la kwanza, alisaini miaka 6 kwa dola milioni 78, milioni 50 zikiwa za uhakika, na alikuwa hajarusha pasi hata moja ya kulipwa. Mwaka uliofuata makubaliano mapya ya ligi na wachezaji yakabana mishahara ya wachezaji wapya. Cam Newton, naye chaguo la kwanza, akapata kama milioni 22 kwa miaka 4. Tangu hapo hesabu imegeuka. Kwotabeki aliyethibitika leo analipwa zaidi ya milioni 50 kwa mwaka mmoja. Ukipata kijana anayeiweza kazi, una miaka 4 ya bei ya chee, na ukimchukua raundi ya kwanza klabu ina hiari ya kumwongezea wa tano. Chenji inayobaki unanunulia walinzi na wapokeaji. Ndiyo maana timu zinakurupuka.

Ila kuna bei nyingine, ya machaguo yenyewe. Mwaka 2023 Carolina Panthers walitaka kupanda mpaka namba 1 ili wamchukue Bryce Young. Waliwapa Chicago Bears mpokeaji wao D.J. Moore pamoja na machaguo 4, likiwemo lile la raundi ya kwanza la 2024. Msimu ukaisha Panthers wakiwa mkiani, lile chaguo likageuka kuwa namba 1, na Bears wakamchukua nalo Caleb Williams. Yaani walimlipia kwotabeki wao kwa kumnunulia jirani kwotabeki.

Kwa hiyo swali la "anafaa?" halijakamilika. Anafaa kwa namba ngapi?

Hatua ya 2: Hesabu mechi alizoanza

Mitchell Trubisky alianza mechi 13 chuoni, akachukuliwa namba 2 mwaka 2017, Mahomes akiwa bado yupo mezani. Anthony Richardson, 13 pia, namba 4 mwaka 2023. Trey Lance, 17, namba 3 mwaka 2021, na San Francisco 49ers walitoa machaguo 3 ya raundi ya kwanza ili wampate. Aliwaanzia mechi 4 tu, akauzwa Dallas kwa chaguo la raundi ya 4. Kiti chake kilikaliwa na Brock Purdy, namba 262, mtu wa mwisho kabisa kuitwa mwaka 2022, ambaye kule Iowa State alikuwa amecheza misimu 4.

Sisemi uzoefu mdogo ni hukumu. Newton alikuwa na msimu mmoja tu pale Auburn na bado akawa mchezaji bora wa ligi 2015. Mimi nikiona chini ya mechi 20 naweka alama nyekundu pembeni ya jina, sifuti jina.

Hatua ya 3: Tazama mechi nzima, tena mbili

Hapa ndipo pa kukaa. Nachukua mfano mmoja wenye vijana wawili.

Tarehe 1 Januari 2024, New Orleans. Michael Penix Jr. wa chuo cha Washington, anarusha kwa mkono wa kushoto, anakutana na Texas. Pasi 29 zimefika kati ya 38, yadi 430, wameshinda 37 kwa 31. Usiku ule simu yangu haikulala, kila mtu akinitumia "huyu namba 1 kabisa". Siku 7 baadaye, Houston, fainali dhidi ya Michigan: pasi 27 kati ya 51, yadi 255, mbili zimenaswa na wapinzani, wamefungwa 34 kwa 13. Mtu yuleyule, mkono uleule.

Nilizirudia mechi zote mbili nikiwa na daftari la mistari. Kila pasi naandika herufi moja: S kama boma la walinzi wake lilikuwa safi, M kama kuna mtu ameshafika miguuni kwake. Ukurasa wa New Orleans ni S, S, S kama mtoto anajifunza mwandiko. Si ajabu: safu ile ya mbele ya Washington ndiyo iliyotwaa tuzo ya Joe Moore msimu huo, tuzo ya safu bora ya vyuo. Ukurasa wa Houston una M nyingi, na baada ya M chache utaona hata zile S hazitulii. Kwenye jaribio la nne, la mwisho kabla ya kupoteza mpira, alimkosa mpokeaji wake Rome Odunze aliyekuwa peke yake, hana beki karibu. Hilo ndilo ninalolitafuta. Kugongwa siyo kosa la kijana. Ninachoangalia ni anarusha vipi mara ya kwanza anapoachiwa nafasi baada ya kugongwa.

Sasa mtazame mwenzake wa upande wa pili, J.J. McCarthy wa Michigan, bingwa wa usiku ule: pasi 10 kati ya 18, yadi 140. Novemba kabla ya hapo, ugenini Penn State, alirusha mara 8 tu, na kuna kipindi Michigan waliita mikimbio 32 mfululizo, wakashinda 24 kwa 15. Mpishi aliyeagizwa kukata vitunguu tu, utamsifia pilau?

Kwa kijana wa aina hiyo acha takwimu za jumla. Nenda kwenye jaribio la tatu peke yake, tena lile lenye yadi 7 au zaidi zilizobaki. Timu ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ukifika la tatu na safari bado ndefu, uwanja mzima unajua pasi inakuja, mpaka muuza bisi anajua. Simamisha video mpira unapotolewa tu. Hesabu mabeki wa nyuma: mmoja au wawili? Iachie. Wakibadilisha mpangilio baada ya mpira kutoka, kofia ya kijana inageuka kwenda kwa mpokeaji wa pili, au imeganda kwa yule wa kwanza? Fanya hivyo kwa majaribio 30 utakuwa unajua zaidi ya kijiwe kizima.

Penix alikwenda namba 8, Atlanta. McCarthy namba 10, hapa kwetu Vikings. Maoni yangu sijabadilisha: McCarthy pale alikuwa mbuzi kwenye gunia. Gunia zuri, linacheza-cheza, uzito wake unaridhisha, lakini gunia. Nilipiga makofi hata hivyo, ushabiki ni ugonjwa. Agosti akaumia goti katika mechi yake ya kwanza ya maandalizi, msimu wote wa 2024 akaukosa, na Sam Darnold, namba 3 wa mwaka 2018 aliyekwishaitwa garasa na dunia nzima, akashinda mechi 14.

Hatua ya 4: Mvue msaada

Jayden Daniels pale chuo cha LSU alikuwa na wapokeaji Malik Nabers na Brian Thomas Jr., wote wakachukuliwa raundi ya kwanza pamoja naye 2024. Joe Burrow mwaka 2019 alikuwa na Ja'Marr Chase na Justin Jefferson. Ukiwa na watu hao, pasi mbovu inaokotwa inaonekana nzuri. Nikiona mpokeaji anarudi nyuma au anaruka kudaka, naifuta ile yadi 40 kwenye daftari hata kama uwanja umeshangilia. Burrow alibaki na nyingi baada ya kufuta. Daniels pia.

Kinyume chake ni Josh Allen pale Wyoming, pasi zake 56 tu katika 100 zilifika. Nilimcheka. Mchezaji bora wa ligi 2024, na kicheko changu bado kipo kwenye kundi la WhatsApp, kuna mtu hukirudisha kila Januari.

Hatua ya 5: Futi na mizani

Usipoteze muda hapa. Kenny Pickett alipimwa kiganja inchi 8.5 na nchi nzima ikajadili kiganja. Urefu wa Young, futi 5 na inchi 10, una maana kidogo kwa sababu lazima aone juu ya majitu ya mita 1.95. Andika, endelea.

Hatua ya 6: Anapelekwa kwa nani?

David Carr alichukuliwa namba 1 mwaka 2002 na Houston Texans, klabu iliyokuwa inaanza kutoka sifuri. Aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 76 msimu wake wa kwanza. Patrick Mahomes, namba 10 mwaka 2017, alikaa benchi nyuma ya Alex Smith na kuanza mechi moja tu mwaka huo. Sidai kwamba ukiwabadilishia viti na hatima zingebadilika, ila kabla ya kusema kijana "ni wa namba 1" itazame safu ya mbele ya hiyo klabu yenye namba 1. Mara nyingi inashika namba hiyo kwa sababu.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Nairobi: Boss, sasa Shedeur Sanders je? Pasi 74 kati ya 100 zilifika 2024, halafu anaanguka mpaka namba 144? Hiyo si chuki tu?

Jibu: Ndugu yangu, chuki siwezi kuipima. Daftari linaniambia anakaa na mpira muda mrefu. Safu yake pale Colorado ilikuwa mbovu, sawa, lakini kuna M nyingi alizozitengeneza mwenyewe kwa kurudi nyuma badala ya kupanda mbele ndani ya boma. Kwangu alikuwa wa raundi ya 2. Raundi ya 5 ni kumuonea. Na Cleveland Browns waliomchukua walikuwa wameshamchukua kwotabeki mwingine, Dillon Gabriel, raundi ya 3, kwa hiyo wewe niambie walikuwa wanafikiria nini.

Mwanachama wa Columbus, Ohio: Mkuu hatua ya 4 ingemuua C.J. Stroud wetu. Wapokeaji wa Ohio State wote ni almasi. Ukimvua msaada anabaki na nini?

Jibu: Anabaki na mechi ya Georgia. Desemba 31, 2022, nusu fainali, dhidi ya moja ya safu kali za ulinzi mwaka ule: yadi 348, pasi 4 za tachidauni (kufunga bao la mwisho wa uwanja), na mpokeaji wake Marvin Harrison Jr. alitoka ameumia. Stroud akaanza kukimbia, akaanza kurusha akiwa anasogea, mambo ambayo msimu mzima hakuyahitaji. Walifungwa 42 kwa 41. Usiku ule nilimpandisha. Mwaka wake wa kwanza Texans alirusha tachidauni 23 na kunaswa mara 5. Ndiyo maana nasema mechi nzima: ushahidi wake ulikuwa kwenye mechi aliyopoteza.

Mwanachama wa Arusha: Shikamoo mkubwa. Umri una maana? Naona wengine wana miaka 24.

Jibu: Marahaba. Una maana kiasi. Siku hizi wanalipwa chuoni na wanahama chuo kwa urahisi, hawana haraka ya kutoka. Bo Nix alianza mechi 61, rekodi ya kwotabeki wa vyuo wakati ule, na Denver wakamchukua namba 12. Mwenye miaka 24 anapomtesa beki wa miaka 19, punguza sifa kidogo. Ila Brandon Weeden alichukuliwa namba 22 mwaka 2012 akiwa na miaka 28. Hapo hata mimi nisiye na shule ya ukocha ningekataa.

Mwanachama wa Nairobi (tena): Na Atlanta kumlipa kwotabeki Kirk Cousins mkataba wa milioni 180 mwezi Machi, halafu Aprili kumchukua Penix? Hao walikuwa wamelewa?

Jibu: Niliwatukana siku ile, sasa nimepoa. Desemba walimweka Cousins benchi na Penix akawepo tayari. Kosa ni mkataba, chaguo lenyewe naliunga mkono, ingawa namba 8 ni bei ya juu kwa ukurasa ule wa Houston.

Mwanachama wa Dar: Nataka kuitazama raundi ya kwanza mubashara, inaanza saa ngapi huku?

Jibu: Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa, saa 9 usiku. Pika chai ya tangawizi kabla. Kila klabu inapewa dakika kadhaa za kutafakari raundi ya kwanza, na kuna zinazotafakari mpaka sekunde ya mwisho.

Mwanachama wa Columbus: Na daftari lako la mwaka huu, namba 1 ni nani?

Jibu: Bado nina mechi 3 za kurudia, tena zote za ugenini. Niulize Jumapili jioni nikitoka kazini.