Kumrekodi fundi akikalafati: mkono uonekane, mlio usikike

Mimi ni fundi wa vyombo hapa Nungwi, kaskazini ya Unguja. Huku jahazi hujengwa kwa jicho, bila mchoro, na kijana hujifunza kwa kukaa karibu na mkubwa wake. Sasa wengi wanafanya kazi mahotelini na pwani hawakai. Ndiyo maana narekodi kazi kwa simu. Nitaeleza kwa mfano wa kukalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, kwa sababu hii ndiyo kazi inayopotea upesi video ikirekodiwa ovyo.

Chagua tendo moja. Kujenga jahazi ni kazi ya miezi, haiingii kwenye video. Kusokota pamba ni video moja, kuipigilia mwanyani kwa patasi na nyundo ni nyingine, kupaka deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, chini ya chombo ni nyingine tena. Dakika tatu nne zinatosha, na bando la kijana halitaisha.

Simu ikae nyuma ya bega la fundi, juu kidogo, ikitazama mikono. Mtazamaji auone mkono ule kama wake. Ukirekodi kwa mbele, kulia kunageuka kushoto, na kijana akishika patasi anababaika. Ifunge simu kwenye mti uliochimbiwa mchangani, uikaze kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Rekodi asubuhi au alasiri. Jua la utosini likipiga mchanga wetu mweupe, mikono hutoka giza tupu.

Kubwa kuliko yote ni sauti. Fundi wa kalafati anafanya kazi kwa sikio. Pamba ikiwa bado legelege, nyundo inalia mlio mzito, wa kufa. Ikishakaa, mlio unakaza, na hapo mkono unajua kuacha. Ukiendelea kupiga, pamba inakatika au ubao unabanduka. Kijana asiposikia tofauti hiyo hajajifunza kitu, hata akiitazama video usiku kucha. Kwa hiyo usiweke muziki, kamwe. Simu ya pili ilaze karibu na mwanya, imefunikwa kitambaa chepesi kuzuia upepo, irekodi sauti peke yake. Kusi ikivuma kwa nguvu, sogeeni upande wa chombo usiopigwa na upepo au ahirisheni. Na fundi asiseme huku anapiga: apige kwanza, anyamaze, kisha aeleze alichosikia.

Wazee wengi hawapendi kuambiwa "eleza". Mwamkie, keti naye, kamera ikae kimya. Halafu mpe kijana nyundo mbele yake. Mzee hatavumilia! "Wacha, mwanangu, umeipiga mno, hiyo itakatika." Atamshika mkono, atamwonyesha pembe ya patasi, atataja mambo ambayo usingeyapata kwa kumhoji. Sehemu hiyo usiikate hata ikiwa ndefu. Kosa likirekebishwa mbele ya macho lina faida kuliko kazi safi iliyofanywa haraka.

Kila kifaa na kila sehemu itajwe kwa jina letu: tezo ya kuchongea, keekee ya kutobolea, mkuku ulio uti wa chini wa chombo, taruma zilizo mbavu zake, fashini iliyo gogo la mbele au la nyuma linaloshika mbao. Andika majina hayo chini ya picha, kwa herufi kubwa.

Ukituma kwa WhatsApp, itume kama faili, la sivyo picha inafifia. Nakala nyingine iweke kwenye memori kadi, ikae nyumbani kwa mtu mwingine.

Mwisho, kijana apewe kazi. Apigilie vipande viwili vya ubao ubavu kwa ubavu, akalafati mwanya, amwage maji juu na asubiri mbao zinywe. Kisha arekodi upande wa chini na kunitumia. Panapovuja, atoe pamba na aanze tena. Pakiwa pakavu, aje pwani, nampa mashua ya kweli, tukianza na mbao za juu zisizofikiwa na maji.