Kabla hujagusa klasi za alama za taa kwenye Vectorworks

Mchoro wa taa za jukwaani uliochorwa kwa programu ya Vectorworks ukikuharibikia usiku wa kuamkia siku ya kufunga mitambo, mara nyingi kosa ni la siku nyingi nyuma. Lilifanyika alama ya taa, yaani kielelezo kinachochorwa mara moja na kutundikwa mara nyingi, ilipokuwa ikichorwa na mtu hakutazama klasi gani ilikuwa hai. Klasi ni kundi la vitu unaloweza kuliwasha au kulizima lionekane au lisionekane, na klasi iliyo hai ndiyo inayopokea kila unachochora. Kwa hiyo anza hapa.

Tunza nakala ya faili kabla ya kubadili chochote.

Yape majina ya klasi mpangilio unaoeleweka. Tumia kistari katikati, kwa mfano Taa-Mwili, Taa-Maandishi, Taa-Usalama, na programu itazikusanya chini ya neno la mbele. Usianzishe klasi ya sura bapa na nyingine ya sura ya pande tatu: alama yenye sura zote mbili hujua yenyewe ionyeshe ipi, ukitazama mchoro kutoka juu (Top/Plan) au kwa pembe.

Jambo linalowatesa wengi ni hili. Tuseme mchoraji anatengeneza alama ya Source Four, aina ya taa ya jukwaani, yenye mwanga wa upana wa nyuzi 26. Muda mfupi kabla alikuwa anapima jukwaa, na klasi iliyo hai bado ni Dimension, klasi ya vipimo inayokuja na programu. Anachora mwili wa taa humo humo, kisha kibano na lenzi anavichora kwenye None, klasi nyingine inayokuja na programu. Anatundika taa 40, zote kwenye klasi ya Taa-Jukwaani, na kwenye skrini kila kitu ni safi. Inafika saa ya kuandaa karatasi ya mafundi. Anatengeneza viupoti, yaani dirisha linaloonyesha mchoro kwenye karatasi, na anazima Dimension ili vipimo visijaze ukurasa. Miili ya taa zote 40 inatoweka. Vinabaki vibano, lenzi na namba za chaneli (namba za kuongozea taa) zinazoning'inia hewani. Anabonyeza taa moja, dirisha la Object Info, linaloonyesha taarifa za kitu kilichochaguliwa, linamwambia iko Taa-Jukwaani, na klasi hiyo imewashwa. Anahesabu kwenye jedwali la orodha ya taa, taa ni 40 kamili. Anahamisha taa kwenye leya (tabaka la mchoro) nyingine, anafungua upya programu, usiku unakwisha, na fundi aliye juu ya ngazi anapewa karatasi isiyomwambia ni taa ya aina gani anayotakiwa kufunga.

Sababu ni kwamba taa ina milango miwili. Klasi ya taa iliyotundikwa ni mlango wa nje. Klasi ya kila mstari ulio ndani ya alama ni mlango wa ndani. Ukifungwa mmoja tu, mstari huo hauonekani, na Object Info inakuonyesha ule wa nje peke yake.

Kwa hiyo kagua ndani. Kwanza washa klasi zote, kwa sababu kilichofichwa hakichaguliki na utadhani umemaliza kumbe hujamaliza. Nenda Resource Manager, dirisha linalotunza alama za faili, fungua alama kwa kuhariri sura ya bapa, chagua vyote, usome klasi. Rudia kwa sura ya pande tatu. Ukikuta kikundi, kiingie: kikundi kina klasi yake na vilivyomo vina zao. Ukibadilisha klasi ya kikundi, programu itakuuliza kama na vya ndani vifuate, kubali.

Mwili wa taa uweke None, na None usiizime kamwe, popote pale. Klasi maalumu vipe vile vipande tu unavyotaka kuwasha na kuzima peke yake, kama waya wa usalama au milango ya kuzuia mwanga. Ukimaliza, onyesha upya taa zilizokwisha kutundikwa, la sivyo zinaweza kubaki na sura ya zamani.

Ukitaka kubadili rangi ya mistari kwenye viupoti kupitia klasi, hakikisha mistari hiyo imewekwa ichukue rangi kutoka kwa klasi yake. Iliyopewa rangi yake moja kwa moja haitafuata.

Alama uliyoletewa kutoka faili la mtu mwingine huja na klasi zake. Zipange siku hiyo hiyo, zisirundikane. Na unapofuta klasi, programu inauliza vitu vilivyomo vifutwe au vihamishwe. Hamishia None. Usifute ukiwa na haraka.

Tazama pia mipangilio ya Spotlight, sehemu ya Vectorworks ya kazi za taa, kama inapanga taa kwenye klasi yenyewe kwa kufuata taarifa za taa. Kama inafanya hivyo, unachorekebisha kwa mkono kinaweza kubadilika tena.

Mwisho, toa PDF ya kila karatasi na uhesabu taa kwa macho, bomba la kutundikia kwa bomba la kutundikia, usitegemee jedwali. Fanya hivyo kila unapoongeza alama mpya, kila unapopokea faili, hata kama ulichobadilisha ni kidogo.