Mshahara wa ugonjwa na pesa ya konje: namna ya kudai haki yako Lubumbashi

Mimi ni delege wa sendika, yaani mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kesi ninazoletewa zaidi ni mbili: mtu kaugua akakatwa mshahara wote, au kanyimwa pesa ya konje, yaani likizo. Haki mara nyingi ipo. Kinachokosekana ni karatasi.

Hatua ya 1: Tenganisha madai. Patroni (mwajiri) akihesabu siku ulizolazwa hospitali kuwa konje yako ya mwaka, kataa kwa maandishi, mapema. Ukinyamaza, mwezi wa 12 utaambiwa konje umeshaimaliza kitandani.

Hatua ya 2: Piga hesabu mwenyewe. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya 2002 inampa mgonjwa theluthi mbili za mshahara wake wa pesa, na posho za familia hazikatwi. Tuseme fundi analipwa faranga 600,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, akaugua siku 13. Siku alizofanya kazi ni 300,000. Za ugonjwa ni 200,000. Jumla 500,000. Nimeshika mkononi buletini (karatasi ya mshahara) ya fundi wa Kampemba aliyelipwa nusu tu. Pembeni wameandika kwa kalamu nyekundu "absent", yaani hakufika kazini, na cheti cha daktari kilikuwa mfukoni mwake, kimekunjwa mara nne. Hakuwahi kukipeleka.

Konje, kwa mtu mzima, ni angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi kamili, na huongezeka siku 1 kwa kila miaka 5 kwa mwajiri huyohuyo. Mwenye miaka 7 ana siku 13. Soma pia mkataba wa pamoja wa kampuni yenu, huenda unatoa zaidi. Na ukiacha kazi kabla ya kuichukua, ulipwe fidia yake.

Hatua ya 3: Karatasi. Kontra (mkataba wa kazi), buletini, cheti cha daktari. Kila unachopeleka ofisini, beba nakala mbili. Anayepokea asaini na aweke tarehe kwenye yako. Ujumbe wa WhatsApp kwa shefu hautoshi, ndugu yangu.

Hatua ya 4: Inspekta wa kazi. Usikimbilie mahakama. Tribunal ya Kazi haipokei kesi ya mtu mmoja mmoja ambayo haijapita kwanza kwa inspekta kwa upatanisho. Mpelekee barua fupi: tarehe, siku ngapi, faranga ngapi.

Hapa naomba unisikilize sana. Madai ya mshahara hufa baada ya mwaka 1 tangu siku uliyopaswa kulipwa. Mama mmoja wa Katuba alisubiri miezi 14 kwa kuahidiwa "mwezi ujao, mama, mwezi ujao". Miezi yake ya mwanzo ilikuwa imeshapotea, na sikuwa na la kumsaidia. Madai mengine ya kontra yana miaka 3, lakini wewe hesabu mwaka 1.

Hatua ya 5: PV, yaani karatasi ambayo inspekta anaandika matokeo ya upatanisho. Mkipatana, soma kila mstari kabla ya kusaini, hasa kiasi na tarehe ya malipo. Msipopatana, omba PV ya kutopatana, toa kopi, na uende nayo Tribunal.